Kitambaa Kinywe Maji Kwanza

Mtaa ule ulikuwa na mafundi cherehani watatu, na wawili walikuwa watu wenye akili zao: ukileta kitambaa asubuhi, jioni umevaa, umeondoka, mmeachana salama. Wa tatu ndiye Mama Ndoo.

Mama Ndoo ukimpelekea kitambaa hakisifii rangi wala maua. Anakikunjua, anakivuta pembe kwa pembe, anakinusa kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini muuzaji, kisha anakitumbukiza kwenye ndoo ya maji iliyokaa mlangoni mwa duka lake miaka thelathini na moja. Kinalala humo. Kesho yake kinaanikwa kivulini, keshokutwa kinapigwa pasi. Hapo ndipo mkasi unapewa ruhusa ya kukisogelea.

"Lakini mama, mimi nasafiri kesho!" mteja atalia.

"Safari njema, mwanangu. Kitambaa chako bado hakijafika."

"Kiko hapa hapa, si hicho ndooni?"

"Hicho kimekuja, hakijafika. Kisipoyanywa maji kwangu kitayanywa kwako, na siku utakayofua, gauni la kifundoni litakuwa la magotini. Kama unataka la magotini sema sasa, nikukatie mapema tusichoshane."

Wenye haraka walikwenda kwa wale wawili wenye akili. Baada ya kufua mara moja walirudi kwa Mama Ndoo, gauni mkononi, uso chini. Naye hakuwasema. Alitazama tu pindo, akaguna "mh", na ile "mh" yake ilikuwa inachoma kuliko pasi.

Basi huyu ndiye aliyeota kifungo.

Alikuwa na tabia ya kuchomeka pini kifuani, upande wa kushoto, kwenye kitambaa cha gauni lake, ili asiitafute meza nzima. Siku moja anachomeka pini, chini ya kidole akasikia kitu kigumu. Kidogo, mviringo, kama kifungo cha koti kilichoshonewa upande wa ndani. Akakibonyeza. Hakikuuma. Akakumbuka hakuna mteja aliyeagiza kifungo hapo, akaendelea kushona.

Aliendelea kushona miezi minne. Msishangae. Mtu anayewaambia wenzake wasubiri, akishajifunza kusubiri hajui tena pa kusubiri na pa kukimbia. Binti yake ndiye aliyemfikisha hospitali, na hakumfikisha kwa maneno matamu. Binti huyo ni mwalimu wa hesabu, hajazoea kubembeleza. Alimwona mama yake akijibonyeza, akauliza mara moja, akauliza mara ya pili, ya tatu akasimama mlangoni mwa duka na kuwaambia wateja: "Fundi amefunga."

"Nani kafunga?" Mama Ndoo akafoka.

"Wewe. Vaa viatu."

Hospitali walimpiga picha, wakamchoma sindano ya kuchukua nyama, wakamrudisha nyumbani, wakamwita tena. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, amevaa raba nyeupe kama anayetaka kukimbia mbio. Mama Ndoo alimtazama koti. Bega moja lilikuwa limeshonwa ovyo. Alijizuia kusema.

Daktari hakuzunguka. Alisema ni saratani, titi la kushoto litaondolewa lote, na kabla ya hapo kuna swali ambalo mwenye titi ndiye wa kulijibu. Titi jipya linaweza kujengwa siku hiyohiyo, mama akiwa bado amelala mezani. Au linaweza kusubiri mpaka matibabu mengine yote yaishe, hata mwaka na zaidi. Au lisijengwe kabisa, wapo wanaochagua hivyo na wanaishi vizuri tu.

"Siku hiyohiyo," akasema Mama Ndoo.

"Sijamaliza, mama."

"Mimi nimemaliza."

Na alikuwa na sababu yake. Kile kifua ndicho kilichokuwa kibao chake cha biashara. Blauzi mpya akiibuni huivaa yeye kwanza, wanawake wanaiona imekaa inavyotakiwa kukaa, wanaagiza tano. Tangu aanze kazi hakuna mwanamke aliyetoka dukani kwake bega moja juu, jingine chini. Sasa yeye mwenyewe aende sokoni upande mmoja umejaa, mwingine bapa kama meza ya kukatia? Wale mafundi wawili wenye akili wangefurahi hadi wakosee mshono.

Daktari akaendelea kana kwamba hajakatizwa. Akasema ameshika tezi za kwapani na zimevimba, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa wa kuhitaji mionzi. Hatajua kwa hakika mpaka titi litoke na maabara wasome.

"Mionzi inafanya nini?"

"Inaua mabaki ya ugonjwa. Ila na ngozi inaigusa. Inaikaza, inaivuta."

"Inaivuta kiasi gani?"

"Kila mtu na wake. Hatujui mpaka imalizike. Tukijenga kwanza halafu mionzi ikaja juu yake, titi linaweza kukaa sawa, au linaweza kuwa gumu, kupanda juu, tukalazimika kurudia. Siwezi kukuahidi lolote. Rudi Jumatano ijayo uniambie umeamuaje."

Kuna kitu Mama Ndoo alikisikia pale ambacho alikuwa anakijua kuliko daktari, lakini akajitia hamnazo. Mtu mzima hafundishwi kazi yake na mtoto aliyeshonewa bega ovyo.

Nyumbani mumewe aliitisha kikao. Huyu bwana mtaa mzima unamwita Mwenyekiti, si kwamba aliwahi kuchaguliwa mahali popote, ila kiti chake kikishawekwa sebuleni hapana mwingine anayekikalia, na jambo lolote, hata panya akionekana jikoni, lazima lifunguliwe na kufungwa naye. Alikuwa mtunza ghala wa vitabu vya shule mpaka alipostaafu. Dadake, yaani wifi wa Mama Ndoo, alifika bila kuitwa. Huwa hahitaji kuitwa, pua yake inamtosha.

"Kikao kimefunguliwa," akasema Mwenyekiti. "Mimi msimamo wangu ni mmoja. Ghala haliachwi na pengo. Kikitoka kitu rafuni, kinaingia kingine siku hiyohiyo. Miaka ishirini na sita sikulala na rafu tupu. Mke wangu aingie mzima, atoke mzima."

"Mimi ni rafu?" Mama Ndoo akauliza.

"Nasema kwa mfano."

"Na mimi naunga mkono," wifi akadakia. "Siku hiyohiyo! Na ukiwa hapo hapo mezani, wifi yangu, waambie wakuongezee na la pili liendane. Usione aibu. Mwanamke bila ziwa ni chai bila sukari."

"Wewe daktari kakukataza sukari mwaka wa sita huu. Chai umeacha kunywa?"

Wifi akakoroga kikombe chake. Kilikuwa na vijiko vitatu.

Binti alikuwa na karatasi za hospitali mkononi. Alikuwa amezipitia kwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika "kwa nini?" na "toa mfano", kama anayesahihisha madaftari. "Mimi naona asijengewe kabisa," akasema. "Akatwe, atibiwe, apone. Kila upasuaji una hatari yake. Anajenga ili iweje? Ana miaka hamsini na saba."

Wifi akaacha kukoroga.

"Hamsini na saba," Mama Ndoo akarudia taratibu. "Yaani mwalimu, kifua kina tarehe ya mwisho kama maziwa ya pakiti?"

"Mama, sikumaanisha hivyo."

"Mwenyekiti anataka siku hiyohiyo, wifi anataka mawili, wewe unataka kamwe. Mmenigawa vizuri. Aliyebakiwa na kidonda peke yake ni nani?"

Mwenyekiti akafunga kikao kwa kusema kikao kimefungwa. Ndivyo vikao vyake vyote vinavyoisha, na uamuzi unabaki palepale ulipokuwa, umekaa sakafuni unawatazama.

Ikaja Jumatatu. Kabla ya saa tatu akaingia karani mmoja wa posta, mteja wa siku nyingi, na kitambaa kizuri cha bluu. Alitakiwa kuvaa gauni Jumatano kwenye usaili wa kupandishwa cheo.

"Fundi, safari hii tu. Kata hivyo hivyo, usiloweke. Nikishapata cheo kipungue kikitaka."

"Ukishapata cheo utalivaa mara moja tu?"

"Nitalivaa sana. Si ndilo la bahati?"

"Basi utalifua. Na ukilifua?"

"Litapungua," karani akakiri, kichwa chini kama mwanafunzi.

"Kwa kiasi gani?"

"Nitajuaje mimi, fundi?"

"Ndiyo hivyo. Hujui wewe, sijui mimi, hakijui chenyewe. Kitambaa kinajulikana kikishakutana na maji. Unataka nikate leo kwa kipimo cha kitu ambacho kesho kitakuwa kingine? Nikishakikata nitakirudisha vipi? Nitakinyosha kwa maombi?"

Neno la mwisho lilikuwa limetoka, likagonga ukuta, likarudi kumpiga Mama Ndoo mwenyewe. Karani akamtazama fundi aliyesimama katikati ya duka ameshika kitambaa cha bluu kama aliyeletewa habari za msiba.

"Fundi, unaumwa?"

"Ndiyo, naumwa," akasema Mama Ndoo kwa hasira. "Nenda ukavae gauni lako la kijivu Jumatano, linakupendeza. Hili njoo wiki ijayo."

Hakulala kwa raha mchana ule, yeye ambaye hulala robo saa juu ya meza kila baada ya chakula. Kujua jambo si kazi. Kazi ni kulibeba. Kusubiri ni neno tamu unapomwambia mwenzio. Yeye ndiye angetembea bapa mwaka mzima, pengine miwili, na mtaa ukahesabu.

Kwa hiyo kesho yake, Jumanne, akafunga duka kabla ya saa kumi na kufanya anachofanya fundi asipoamua: akashona cha kujaribia. Alichukua sidiria yake moja, akakata mfuko wa pamba wa kuweka ndani upande wa kushoto, akashona na kifuko cha duara, akakijaza pamba na mchele kidogo kati ili kiwe na uzito. Akakipima mkononi, akakipunguza punje, akakipima tena. Kama kusubiri kwenyewe kunashoneka, alisema moyoni, nikuone kulivyo.

Sasa elewa hapa. Nguo ya mteja ikilala mezani, uso juu, kushoto kwa mteja kunakuwa mkono wa kulia wa fundi. Hilo Mama Ndoo analijua hata akiwa na homa. Lakini siku hiyo mteja alikuwa yeye mwenyewe. Akawaza: kushoto kwangu ni kushoto kwangu, nani atanibishia? Akashona mfuko upande wa mkono wake wa kushoto, kwa mishono midogo mizuri isiyofumuka.

Akaenda chumbani, akaivaa, akasimama mbele ya kioo. Upande wa kulia, ule mzima, kulikuwa na titi lake na titi la mchele juu yake, vimepandana kama abiria wawili kwenye kiti kimoja. Upande wa kushoto, wenye ugonjwa, hamna kitu.

Mlango ukafunguliwa. Ni Mwenyekiti, anatafuta miwani.

Alitazama. Akafungua mdomo kufungua kikao, kikao kikagoma. Mara mabega yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda.

"Miaka thelathini na moja," Mama Ndoo akasema, naye anajizuia, "sijakosea mkono."

"Kinyozi hajinyoi, mama."

"Nyamaza. Njoo ushike futi."

Kicheko kikamwishia yule bwana kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. "Futi ya nini?"

"Sijawahi kujipima. Nimepima wanawake wa mtaa huu mpaka bibi zao, mimi nakata kwa kukisia. Shika hapa, chini ya kwapa. Pitisha mbele. Soma."

"Mimi sijui kupima watu."

"Umehesabu vitabu miaka ishirini na sita, utashindwa mawili?"

Akaishika ile futi. Mkono ulikuwa unatetemeka hadi namba zikawa zinacheza. Ilibidi asimame uso kwa uso na mkewe, karibu, mchana kweupe, jambo ambalo nadhani lilikuwa na miaka yake halijatokea. Alipofika upande wa kushoto akaacha futi ikaning'inia.

"Kuna nini?" akamuuliza.

"Hakuna."

"Mwenyekiti."

"Nilisema siku hiyohiyo kwa sababu sitaki kuona," akasema, akiitazama futi. "Ukitoka kule nikaona pengo, nitakuwa nakumbuka kila asubuhi kwamba ungeweza kuondoka wewe mzima, si titi peke yake. Likiwepo lingine, nitasahau upesi. Ndiyo sababu. Rafu haikuhusika."

Mama Ndoo akaichukua ile futi, akaizungusha kidoleni.

"Kwa hiyo nijengwe haraka ili wewe usahau haraka."

"Ukilisema hivyo ni baya."

"Ni baya, ndiyo. Lakini afadhali umelitoa." Akamrudishia futi mkononi. "Soma namba. Na utaona. Utaona kila asubuhi, na utanifunga vifungo vya mgongoni mpaka mkono wangu upone. Nani mwingine atanifunga, wifi?"

Akasoma. Alikosea nusu inchi. Mama Ndoo aliijua ile nusu inchi kwa macho tu, lakini akaiandika kwenye daftari la vipimo jinsi alivyosomewa, kwenye ukurasa mpya ambao juu yake hakuandika jina.

Jumatano daktari alikuwa na raba zilezile na bega lilelile. "Umeamua, mama?"

"Toa. Usijenge. Mionzi ipite kwanza, ngozi ivutike inavyotaka kuvutika, ikishachoka kuvutika ndipo tupime."

"Ni uamuzi mzuri kwa hali yako. Nani alikushauri?"

"Ndoo."

Daktari akaandika jambo. Mama Ndoo hakujua kama aliandika ndoo.

Wakamtoa titi. Maabara wakasoma, mionzi ikahitajika, na kabla ya mionzi dawa za dripu zilizomnyoa nywele bila kumuuliza anapenda mtindo gani. Kitanda cha jirani wodini alikuwapo mpishi wa shule, mwanamke mcheshi. Huyo alijengewa siku hiyohiyo, tezi za kwapani mwake zilikuwa safi, hakuhitaji mionzi, na alitoka kapendeza kama bibi harusi. Mama Ndoo alimkagua pande zote kwa jicho la kazi, akatafuta kasoro, akaikosa. "Chako kilikuwa kitambaa kisichopungua," akamwambia. "Kuna watu na bahati zao." Akanuna hadi saa ya chai.

Mwaka wa kusubiri haukuwa wa kupendeza, na atakayekuambia ulikuwa wa kupendeza mwulize anauza nini. Mionzi iliikausha ngozi ikawa nyeusi, ikamenyuka, ikajivuta kuelekea kwapani kama kola iliyounguzwa na pasi. Kuna asubuhi alikaa kitandani na sidiria ya mchele mapajani, hakutaka kuivaa wala kutoka. Kuna siku ile sidiria, iliyokwisha fumuliwa na kushonwa upande wake wa haki, ilipasuka mshono katikati ya soko, ukawa unamwagika mchele nyuma yake hatua kwa hatua, na kuku watatu wakamsindikiza hadi nyumbani. Wifi alilieneza hilo mtaa mzima. Baada ya hapo wateja wakaacha kunong'ona, wakacheka wazi, na kucheka wazi kulimfaa zaidi. Mwenyekiti alimfunga vifungo kila asubuhi. Alianza kwa kutazama dari. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anatazama vifungo.

Na binti alipoleta tena habari ya "kamwe", alipata jibu lake: "Nimesema nasubiri. Anayesubiri hajakataa. Andika hilo kwa kalamu yako nyekundu."

Ukapita mwaka na miezi mitatu. Daktari akaishika ile ngozi, akaivuta huku, akaivuta kule, pembe kwa pembe. Mama Ndoo akamtazama mikono, kwa mara ya kwanza akaridhika nayo.

"Imetulia," daktari akasema. "Imepungua sana, kwa hiyo tutahitaji kuongeza ngozi na nyama kutoka mahali pengine. Mara nyingi tunachukua tumboni."

"Hapo chukua bila kupima. Ninayo ya wawili."

"Lakini si lazima, mama. Unaweza kubaki hivi. Na ukitaka kusubiri zaidi, hakuna anayekukimbiza."

"Nimesubiri. Kimekwisha kunywa maji, kimekauka, kimepigwa pasi. Mimi nalitaka. Silitaki la siku ile, nalitaka la leo." Akatoa daftari mkobani, akalifungua ukurasa usio na jina, akaliweka juu ya meza. "Vipimo vya upande uliobaki hivi hapa, vya kabla hujakata. Uvilinganishe."

Daktari akainama kusoma. Alisoma kwa heshima, akifuata mistari kwa kidole. "Nani aliyekupima?"

"Mume wangu," akasema Mama Ndoo. "Kwa hiyo hapo kwenye namba ya pili ongeza nusu inchi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Na ukinimaliza, mwanangu, niletee hilo koti. Siwezi kuja kliniki mwaka mwingine nikitazama bega hilo."